Eksirei ya Kitandani: Mwongozo kwa Daktari Mgeni wa ICU

Umepangiwa chumba cha wagonjwa mahututi (ICU), na unataka kuonekana makini kwenye raundi. Fuata masharti haya bila kuuliza.

1. Agiza picha ya kifua kwa kila mgonjwa, kila alfajiri. Kwenye fomu, penye nafasi ya sababu, andika "yuko kwenye mashine". Mtaalamu wa radiolojia atabahatisha mengine. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini wahenga hawakuwahi kufanya raundi ya ICU. Akitokea mtu kukutajia utafiti wa Wafaransa uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2009, mbadilishie mazungumzo upesi. Katika ICU 21 walipokezana taratibu mbili kwa wagonjwa 849 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia: picha ya kila siku, au picha pale tu palipo na haja. Palipofuatwa haja zilipigwa picha 3,148. Palipofuatwa mazoea, 4,607. Siku za kukaa kwenye mashine hazikutofautiana, wala siku za kulazwa ICU, wala vifo. Habari kama hizi zinaharibu raundi.

2. Gari la eksirei lifike mgonjwa akiwa ndio kwanza amepata usingizi. Wauguzi waache dawa walizokuwa wakipima, wamwinue, kaseti ya kunasia picha ipenyezwe mgongoni. Mpira wowote ukichomoka katika purukushani hiyo, usihangaike: umepata sababu ya kuagiza picha nyingine.

3. Ukishaipata picha, tangaza kwamba moyo umepanuka. Mgonjwa amelala chali, miale imetokea mbele na kaseti iko nyuma, kwa hiyo kivuli cha moyo lazima kikue. Hilo usimwambie mtu. Ukiona mkunjo wa ngozi umechora mstari pembeni mwa pafu, piga kelele kwamba hewa imevuja kifuani. Ila hewa iliyovuja kweli ipite tu: kwa aliyelala chali hupanda mbele, na pengine dalili yake pekee ni pembe ya chini ya kifua kuwa nyeusi na kuzama kuliko kawaida. Maji yaliyojaa kifuani nayo hutandaa mgongoni, yakaacha ukungu mwepesi tu juu ya pafu. Ultrasound hapo hapo kitandani huyaona yote mawili vizuri zaidi, tena bila mionzi. Kwa heshima ya eksirei, usiiguse.

4. Kuna picha chache zenye faida ya wazi. Hizo ndizo za kuahirisha. Umeingiza mpira wa kupumulia? Usihakikishe kwamba ncha imeishia sentimita 3 hadi 5 juu ya mahali njia ya hewa inapogawanyika. Ikizama zaidi huelekea pafu la kulia, la kushoto likanywea, nawe utapata kisa cha kusimulia. Usitazame shingo ilivyokaa, maana kidevu kikiinama ncha hushuka kama sentimita 2, kikiinuliwa hupanda. Umepitisha mpira wa kulishia puani? Anza kumimina uji mara moja; kama umeingia pafuni, mgonjwa atakujulisha mwenyewe.

Ikiwa umefika hapa huku ukinakili masharti, tafadhali rudi mwanzo uyasome kinyume. Mwaka 2014 vyama vya wahudumu wa wagonjwa mahututi vya Marekani viliweka orodha ya mambo ya kuepuka, na la kwanza lilikuwa kuagiza vipimo kwa ratiba badala ya kwa swali. Picha ya kitandani ni chombo kizuri kwa aliyeingiza mpira, au aliyeona mgonjwa amebadilika ghafla na anataka kujua kwa nini. Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu, andika swali unalotaka picha ikujibu. Ukikosa la kuandika, mwache mgonjwa alale.