Subiri Kwanza, Nijifunge Kanga

Wauzaji wa zile kamera ndogo zisizo na kioo ndani wana ahadi moja: kwamba kwa udogo wake, mpiga picha atapita katikati ya watu bila kushtukiwa, aokote maisha ya kila siku kama yalivyo. Ahadi hiyo bado haijafika Songea. Mahali mama anapoanika mahindi juu ya turubai, mwenye simu janja anaweza kupiga picha kutwa na hakuna atakayegeuka. Atoe kamera, hata iwe ndogo kama kipande cha sabuni, shughuli zote zinasimama. Mama anajifunga upya kanga. Mtoto anafutwa kamasi kwa pindo la kanga hiyohiyo. Ndoo ya plastiki iliyokatika mkono, ambayo ndiyo hasa mpiga picha aliipenda, inasukumwa pembeni kwa mguu, na jirani aliyekuwa akipita zake anaingia na kusimama katikati kama bwana harusi.

Wapenzi wa kamera huiita picha kama hiyo ajali. Imekosa uhalisia, wanasema, watu wamekauka kama milingoti. Mimi naona hakuna picha ya kawaida kuliko hiyo. Ukimwelekezea mtu wa Bombambili, hapa Songea, lenzi, jambo la kawaida kwake ni kunyooka, na kunyooka huko kuna asili. Mkanda wa zamani uliozoeleka ulikuwa na picha 36, zikiisha zimeisha. Kila moja ililipiwa, tena ikasubiriwa mpaka isafishwe. Nani angetoa hela yake apigwe akisonga ugali? Watu walikwenda studio wamejipaka mafuta, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa, mikono ikining'inia kama si yao, na picha ikakaa ukutani mpaka wajukuu wakaikuta. Hata sanamu za viongozi wa Kingoni pale Makumbusho ya Majimaji hazikuchongwa zikicheka. Anayejua kwamba atatazamwa muda mrefu hujiweka sawa.

Watakuwepo wa kusema kwamba simu imeshayafuta hayo, maana vijana wanajipiga kutwa kucha. Kweli, lakini simu ni ya kila mtu na picha yake hainuki kazi. Kamera inanuka kazi. Mwenye kamera ni wa harusi, wa mahafali, wa gazeti au, mbaya zaidi, ametumwa na ofisi fulani kuja kuhesabu kitu. Ndiyo maana swali la kwanza huwa "shilingi ngapi?", na jibu likiwa "bure", wasiwasi ndipo unapoanza hasa.

Basi tumia ukimya wa kamera hizo ndogo, watashauri wengine. Tangu Panasonic ilipotoa Lumix G1 mwaka 2008, kamera za aina hii zimeachana na kile kioo kinachoruka na kugonga ndani ya kamera kubwa kila kitufe kinapobonyezwa, na nyingi za siku hizi zinaweza kupiga bila mlio wowote. Wahandisi walidhani wameondoa kero. Wameondoa ruhusa ya kupumua. Mtu aliyezoea kusikia "kacha" anashikilia tabasamu, shingo imekaza, anauliza kwa pembe ya mdomo, "Kaka, tayari?" wakati zimeshapigwa tisa. Nayo akili ya kamera inayotafuta macho ya binadamu ina vituko vyake. Uchaguzi ukishapita na fulana za kampeni zikageuka nguo za shamba, inaweza kumwacha mvaaji kwenye ukungu, ikang'ang'ania macho ya mgombea kifuani.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema mtu apigwe akishalegea, akidhani mambo yamekwisha, kwani hapo uso unarudi. Unarudi, sikatai. Ila picha hiyo ni ya mpiga picha peke yake, na mwenye uso akiiona kwenye skrini ya nyuma atatoa hukumu ya neno moja: "Futa." Ana haki. Huku, kugawana picha ni kumkabidhi mwenye sura sura yake kwanza, wageni baadaye; "nirushie" inasemwa kabla lenzi haijafunikwa. Hapo ndipo kamera ya mamilioni inaposhushwa cheo. Picha inahamishiwa kwenye simu, WhatsApp inaibana kama gunia la mahindi lililopandwa na wapakiaji watatu, inatua kwenye simu yenye kioo cha nyufa. Ubora wote ule mama hatauona. Ataivuta kwa vidole viwili, apite juu ya mahindi, juu ya kanga iliyofungwa vizuri, mpaka kwenye kona ya chini kushoto, kisha atume ujumbe: "Asante mwanangu, nzuri. Lakini mbona umeniachia hiyo ndoo?"