Bingwa wa Jeni Afungua Darsa Ibra

Waungwana wa Ibra! Najua wake zenu wamenitangaza soko la Jumatano, na Nizwa wananililia niende, lakini nimewachagua nyinyi. Nakaa chini kama mlivyokaa, miguu nimekunja, maana elimu haina kiburi, na mwenye elimu yenyewe ni mimi.

Mada ni jeni iitwayo PMP22, katika kromosomu ya 17. Hiyo 22 ni idadi ya... Kijana wa maabara ananong'ona kuwa ni uzito wa protini yake, kilodaltoni 22. Nilikuwa nakuja huko. Protini hiyo seli za Schwann huitia ndani ya mayelini, ala ya mafuta inayozizinga neva ili habari zipite mbio. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Basi akili timamu, yaani yangu, inasema: akipata ya tatu, kabarikiwa! Halua ikizidi samli nani hulalamika? Na ukoo wetu haujapata kuwa na kitu pungufu. Sharqiyah nzima, kama yupo mwenye nakala tatu, mnamtazama.

Nini tena? Eti tangu 1991 yajulikana kuwa nakala ya tatu ndiyo huleta Charcot-Marie-Tooth aina ya 1A: mayelini hubomoka, hujengwa, hubomoka tena, na kasi ya habari katika neva za mkono hushuka chini ya mita 38 kwa sekunde. Eti James Lupski wa Houston, mmoja wa waliogundua, naye anaugua Charcot-Marie-Tooth, ila ya jeni nyingine. Mtaalamu mgonjwa! Mimi, alhamdulillahi, mzima.

Chanzo cha maradhi hayo ni kuoana watoto wa ami. Ndiyo maana nilikwenda kuoa mbali, Sur, makusudi, kizazi changu kitoke safi. Kijana anatikisa kichwa: kwa jeni hii mzazi mmoja anatosha, awe binamu au mgeni, na kila mtoto ana nusu ya bahati ya kurithi. Kijana huyu kaalikwa na nani?

Na mwenye nakala moja tu? Maskini. Tangu 1993, anasema, imejulikana kuwa neva za mtu huyo hufa ganzi zikibanwa kidogo: kaegemea kiwiko, kakaa amekunja miguu, basi unyayo unaning'inia siku kadhaa, hata wiki. Watu dhaifu! Mimi mguu wangu hulala mpaka Ijumaa ya pili, lakini huo ni uzito wa elimu. Marehemu baba alikuwa hivi hivi. Na mwanangu, mashaallah, karithi haiba ile ile: akinyanyuka barazani, huburuta kidole gumba cha mguu.

Nipimwe neva? Mimi? Adabu gani hiyo, kijana?

Darsa limekwisha. Nishikeni, mmoja kila upande. Mwenye swali aniulize huku nikibebwa.