Kidogo Hakidhuru

Kupasuliwa bega si kazi. Unalazwa, unadungwa sindano, unalala, ukiamka kano iliyochanika imeshashonwa. Kazi ni kurudi nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, na mkono wa kulia umefungwa shingoni, kisukari mwilini, na majirani wanaokupenda.

Daktari alinieleza vizuri. Mkono usifunguliwe kwa wiki sita. Sukari ichungwe, kwa sababu ikipanda kidonda huchelewa kupona na vijidudu hupata makao. Tena ikikaa juu kwa miaka hujibandika kwenye nyuzi za kano zikakakamaa, ndiyo maana sisi wenye kisukari huganda mabega kuliko watu wengine. Hata upasuaji wenyewe huipandisha, maana mwili ukiumizwa humwaga homoni za kujihami. Nikaitikia yote. Kuhusu kikoi hakunambia neno.

Kanzu huvaliwa kwa kuinua mikono, kwa hivyo ilikuwa marufuku. Likabaki shati la vifungo na kikoi, na kikoi kina ncha mbili. Moja niliishika kwa mkono wa kushoto, ya pili nikaiuma kwa meno. Na kwetu mtu akibisha hodi humnyamazii. Ukifungua kinywa kusema "karibu", kikoi nacho kinakaribia sakafu. Nikazoea kuwakaribisha watu kwa puani.

Halafu kula. Mkono wa kushoto una kazi yake maalumu, na si ya kwenye sinia. Suala likajadiliwa barazani kwa kina. Mzee mmoja akasema dharura ni dharura. Mwenzake akatoa rai kwamba vidole vya kulia si vinacheza? Basi sahani iletwe kifuani, nami niinamie. Mke wangu akawakatia shauri: akachukua kijiko akanilisha. Habari ilifika Kibokoni kabla sijameza tonge la pili.

Insulini najidunga tumboni, kwa kushoto hukohuko. Wakati huo humkumbuka Frederick Banting, aliyeigundua Toronto mwaka 1921 pamoja na Charles Best. Alikuwa daktari mpasuaji wa mifupa, na mwenyewe alijeruhiwa mkono vitani mwaka 1918. Huyo angenielewa. Nyinyi wengine mnacheka tu.

Sasa wageni. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kuanzia 1696 hadi 1698, waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi. Mimi, hatua chache kutoka hapo, nilizingirwa kwa masinia. "Pole, mwanangu. Kula kaimati, hazina sukari, ni shira tu." Halua ikaja, ikaja mikate ya sinia, ikaja mahamri. Kila mmoja alikuja na "kidogo hakidhuru" yake, na hakuna aliyefikiria kuzijumlisha. Waliojali afya yangu walileta dawa: mdalasini, habasoda, majani ya mwarobaini. Aliyeleta mwarobaini alileta na kashata, ya kuondolea uchungu.

Siku moja mke wangu akanitoboa kidole cha mkono mgonjwa, akakisogeza kwenye mashine. 22! Akapiga ukelele. Jirani wa dirisha la pili akausikia, na Mji wa Kale madirisha yanatazamana kwa karibu mno. Mara ukumbi umejaa. Mmoja kashaanza Yasini. Hamali kaegesha mkokoteni mlangoni anisukume mpaka Ndia Kuu nikapakiwe tuktuk. Ndipo shangazi yangu, asiyejua kusoma mashine wala haitaki, akauliza mbona vidole vyangu vinanata. Kumbe mjukuu wangu alikuwa kanishika mkono kunifariji, na kiganja chake kimejaa shira ya kaimati. Tukakiosha kidole kwa sabuni na maji, tukapima upya: 8. Watu wakatawanyika, na nahisi aliyeanza Yasini alisikitika kidogo kuikatiza.

Mke wangu akapiga marufuku: kitu kitamu kisivuke kizingiti. Mtaa ukatii, tena kupita kiasi. Baada ya hapo zikaanza kuja zawadi za matango.

Ikawa adhuhuri moja nimeshadunga insulini, chakula kimechelewa jikoni, nikaanza kutetemeka na kutoka jasho. Kupima, 3.4. Ikiwa chini ya 4 mtu anatakiwa sukari upesi: vijiko vitatu vya chai, au nusu glasi ya soda, asubiri dakika 15 apime tena. Nyumbani hamna hata chembe. Mke wangu akatoka mbio nyumba hadi nyumba, na kila mlango akajibiwa vilevile: "Thubutu! Si wewe uliyesema marufuku?" Walidhani mimi ndiye nimemtuma. Aliyeniokoa ni yuleyule mjukuu, aliyekuwa na pakiti ya juisi kaificha nyuma ya mtungi. Aliitoa kwa sharti la kulipwa mbili.

Basi ndugu yangu, ukienda kumtazama mgonjwa wa sukari, mpelekee samaki wa kuchoma. Changu au tafi, vyovyote. Juisi moja itie mfukoni, na usiitoe mpaka umwone anatetemeka.