Waraka kwa Njiro: Kisiwa Kinachouza Mlima kwa Dakika Nane

Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Njiro jijini Arusha, ambao huuona Mlima Meru kila asubuhi isipokuwa mawingu yakiamua vinginevyo, na lengo lake ni kueleza namna kisiwa cha Tenerife kinavyojipatia riziki kwa mlima wa jamii hiyohiyo. Tenerife ndicho kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Kanari, vilivyozaliwa na volkano, yaani mlima utoao moto na mwamba ulioyeyuka, navyo vipo Atlantiki mkabala na Moroko, ingawa kiserikali ni vya Hispania. Kwa hiyo Mtanzania aishiye Ulaya akiwapeleka wanawe huko kuota jua, hulipa nauli ya ndege ili asogee karibu na Afrika na asifike.

Mlima wenyewe, Teide, una kimo cha mita 3,715 na ndio mrefu kuliko yote nchini Hispania, habari ambayo mtoto aliyezaliwa chini ya Meru, wenye mita 4,566, huipokea kwa adabu tu. Kwa hasira milima hiyo haipishani sana, kwa kuwa Tenerife ililipuka mara ya mwisho mwaka 1909, kwenye kilima cha Chinyero, na Meru ukatoa majivu yake ya mwisho mwaka 1910. Tofauti ipo katika usafiri. Tangu 1971 Teide una kebo, yaani chumba kinachoning'inia kwenye waya wa chuma na kuvutwa kwa mota, ambacho hupandisha abiria kutoka mita 2,356 hadi mita 3,555 kwa dakika zipatazo nane. Mpanda Meru hufikia kimo kama hicho kwenye kituo cha Saddle siku ya pili, akiwa amekwisha kulala Miriakamba na kutembea nyuma ya askari wa hifadhi aliyebeba bunduki kwa sababu ya nyati. Bibi wa Tenerife hufika na mkoba wake mkononi, akapigwa picha, akalaumu baridi, na akawa chini kabla ya chakula cha mchana. Upepo ukizidi, kebo husimamishwa, na hapo mwenye tiketi na asiye nayo huutazama mlima kwa usawa kabisa.

Tawi la pili la biashara hiyo ni kutengeneza upya kile ambacho Mungu amekwisha kukitoa. Loro Parque, bustani iliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya kasuku, leo ina pengwini, ndege wa baridi wasioruka, wanaonyeshewa theluji ya mashine, ilhali Teide hupata theluji halisi majira ya baridi. Siam Park, iliyofunguliwa mwaka 2008, ina bwawa la mawimbi ya kutengenezwa, ilhali bahari nzima ipo jirani. Katika ufuko wa Las Teresitas, ambao mchanga wake wa asili ulikuwa mweusi kama ilivyo kawaida ya pwani za volkano, mwaka 1973 palimwagwa mchanga wa rangi ya dhahabu ulioletwa kwa meli kutoka Sahara. Yapo pia mashamba ya migomba ambamo familia hulipa kiingilio ili zionyeshwe jinsi mkungu unavyochanua, elimu ambayo Mmeru huipata bure siku anapotumwa kukata ndizi za machalari. Tiketi ya familia, kwa desturi ya Ulaya, huhesabu wazazi wawili na watoto wawili, na mbele ya dirisha la tiketi ni vigumu kuthibitisha kwamba shangazi na watoto wa mjomba nao ni familia.

Pamoja na hayo yote, kisiwa hicho kina fundisho, nalo si kebo. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza kulifikiria wazo la kebo ya Kilimanjaro, na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, walilipinga kwa kuwa waya haubebi mizigo kwa ujira. Kinachofaa kuigwa ni basi la umma linalopanda Teide asubuhi kwa saa iliyoandikwa na kushuka alasiri, liwe limejaa au halikujaa. Kwa raia, ada ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni, na ndani yake mna twiga, maziwa ya Momella na heroe; kinachomzuia mzazi wa Njiro asiye na gari ni kukosa chombo cha kumpeleka na kumrudisha siku hiyohiyo, kwa maana daladala huondoka likijaa.

Kuhusu zawadi zilizoagizwa, jamaa wanaarifiwa kwamba kuchukua jiwe katika hifadhi ya Teide ni kosa, ndizi Njiro zipo, na mchanga wa dhahabu ni wa Afrika tangu mwanzo. Imeambatishwa ratiba ya basi.