Mhadhara wa Kitaalamu Juu ya Bakuli la Mfalme

Waheshimiwa viongozi wa ushirika, wakulima wa mpunga, na ninyi vijana mlioegemea magunia huko nyuma: kamwene! Nimeambiwa mmekuja kusikia bei ya mpunga. Itasubiri. Bei hubadilika kila msimu. Mtaalamu wa kiwango changu hupita Madibira mara moja.

Kabla sijaigusa kauri ya kale ya Kichina, ni haki yenu kunijua. Mimi ndiye bingwa pekee wa fani hii kati ya Mafinga na Rujewa. Cheo hiki sikupewa na chuo, kwa sababu hakuna chuo kilichothubutu kunitahini. Suti hii nimeshonewa Iringa mjini, na fundi aliposikia kazi yangu alikataa katakata kunikopesha. Alitaka heshima yangu ilipwe taslimu.

Sasa, kauri. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza, Mortimer Wheeler, alipita pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa akastaajabia wingi wa vigae vya Kichina. Pale Kunduchi mabakuli yalijengewa kwenye nguzo za makaburi. Maskini Wheeler! Pwani yote ile, vigae. Mimi nimepata bakuli zima hapa hapa, jikoni kwa bibi, nyuma ya sufuria ya makande.

Litazameni. Jeupe, maua ya buluu, na ubavuni lina vitundu vyenye umbo la punje ya mchele, vimezibwa kwa maji ya kioo hata mwanga unapenya. Mchele, ndugu zangu! Ushahidi kwamba wafalme wa Ming walikula mchele wa Madibira. Najua skimu yenu ya umwagiliaji ni ya juzijuzi. Tusiwe watumwa wa tarehe.

Wenzangu wa makumbusho wana kanuni zao. Geuza chombo, chunguza kitako, na maandishi usiyaamini haraka, maana mafundi wa enzi ya Kangxi (1662–1722) walizoea kuandika jina la Chenghua, aliyetawala 1465 hadi 1487. Woga mtupu! Mimi huyaamini papo hapo. Haya nilisomewa kwa simu na rafiki yangu wa Makambako, muuza redio za Kichina: Zhongguo Jingdezhen. Basi huyu ni Mfalme Zhongguo, wa ukoo wa Jingdezhen.

Kijana, weka simu mfukoni. Ati Zhongguo ndiyo China yenyewe, na Jingdezhen ni mji wa viwanda vya kauri? Vizuri sana: mfalme alikuwa mkubwa hata nchi ikaitwa kwa jina lake. Na haya maneno MADE IN CHINA yaliongezwa na Zheng He, amiri wa Kichina ambaye merikebu zake zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15, kwa faida ya watalii.

Wenye choyo watawaonyesha pia hapa, maua yanapokatika na ncha zisikutane, waseme ni karatasi ya chapa iliyobandikwa kiwandani. Fundi aliitwa kula. Nanyi hamjawahi kuitwa kula?

Mwalimu wa jiografia naye ananyoosha mkono. Ni lile bakuli la shangazi yake lililoandikwa Maastricht; asubuhi nilithibitisha kuwa Maastricht alikuwa nahodha wa Zheng He. Anadai ni mji wa Uholanzi, uliouza mabakuli ya maua Unguja na pwani karne ya 19. Kaa chini, mwalimu. Nahodha huzaliwa popote.

Naam, bibi, shikamoo, nakusikia. Marehemu mzee alipewa bakuli hili na Wachina waliojenga shamba la mpunga la Mbarali miaka ya 1970. Bibi yangu, kitaalamu ushahidi wa mwenye chombo haukubaliki. Wewe una masilahi. Mimi nina elimu.

Ada ya kukadiria umri ni shilingi elfu tano kwa chombo, vifuniko bure. Mwenye bakuli kama hili anyooshe mkono, apange foleni. Mmoja... wanne... jamani, safu yote ya mbele? Na wewe, mzee, lako ulilitoa wapi? Kambi ya ujenzi wa reli ya TAZARA?

Andikeni, andikeni upesi: mfalme alisafiri kwa treni.