Silinda Sita na Dumu la Maji

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba gari lako lina silinda sita, atakutazama mara mbili: kwanza kwa heshima, kisha kwa huruma. Langu ni Mark II GX 100 ya mwaka 1999. Injini yake ni 1G-FE ya lita mbili, au ukitaka hesabu ya mshona suti, sentimita za ujazo 1,988. Ina valvu 24, na silinda zake zimejipanga mstari mmoja kama wanafunzi wa paredi. Karatasi zinasema ina nguvu za farasi 160. Hao farasi siwabishii, maana anayewalisha ni mimi. Kwenye foleni ya Ubungo wanakunywa lita moja kila kilomita saba, tena muda mwingi wakiwa wamesimama.

Shida ilianzia kwenye jina. Mwaka 1998 injini hii ilifumuliwa na kusukwa upya: ikapewa VVT-i, ule mfumo unaosogeza muda wa valvu kufunguka kulingana na mwendo, na distributa ikaondolewa. Jina likabaki lile lile, 1G-FE. Ni sawa na nyumba yenye watoto wawili, wote wanaitwa Juma.

Mimi hilo sikulijua siku nilipokwenda Gerezani kutafuta spea.

"VVT-i au ya kawaida, bosi?" kijana wa duka akaniuliza.

Ukiulizwa na kijana wa Gerezani usioneshe kwamba hujui. Bei inapanda hapo hapo. Kile kifuniko cha plastiki chenye maandishi ya VVT-i kilishapotea gereji fulani zamani, kwa hiyo sikuwa na cha kukumbuka. Nikajibu kwa sauti ya mwanaume mwenye gari: "Ya kawaida." Nikarudi nyumbani na kofia ya distributa, kwa ajili ya injini isiyo na distributa. Leo iko mezani kwa mwanangu Neema, inashikilia kalamu za rangi. Ndiyo spea pekee niliyowahi kununua ikadumu.

Afadhali ningekosea kwenye kofia tu. Ile injini ya kawaida, mkanda wa taiming ukikatika, gari linazima, unavuta, unafunga mkanda mwingine, maisha yanaendelea. Hii ya VVT-i mkanda ukikatika, pistoni zinapanda na kuzikuta valvu ziko wazi, zinazikunja. Mkanda wenyewe unabadilishwa kila kilomita 100,000. Langu dashibodi inaonesha 98,000, na fundi wangu anasema imekuwa ikionesha hivyo tangu anifahamu.

Huyo fundi ni mtu mwema. Gereji yake iko chini ya mwembe, na msimu wa maembe hatozi pesa ya kuangalia. Gari lilipoanza kumisi, linatetemeka kwenye taa nyekundu kama mtu mwenye malaria, alibadilisha plagi zote sita. Wiki mbili, likarudia. Akabadilisha tena. Mara ya tatu ndipo tulipochungulia kwenye mashimo ya plagi tukakuta oili imetuama. Gasketi ya roka kava ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ganda la muwa, oili inashuka, umeme unapotea njiani. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua plagi 18 ili nisinunue mpira mmoja.

Kisha tukaingia kwenye suala la themostati. Hiki ni kidude kidogo chenye nta ndani, kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwenye nyuzi 82 hivi. Fundi alikitoa, akanikabidhi kama daktari anayemkabidhi mtu jino lake. "Hiki ni cha Wazungu, bosi. Huku joto lipo la bure." Nikakitia kwenye droo ya dashibodi. Tangu hapo kompyuta ya gari ikawa inaamini ni alfajiri siku nzima, inamimina petroli. Na kwenye rejeta tukawa tunajaza maji ya kisima cha kwetu, yale ya chumvi ambayo hata birika linayakataa.

Desemba tukaondoka kwenda Iringa, ukweni. Mimi, Mama Neema, Neema na dumu la lita 20 ambalo Mama Neema aliliweka mwenyewe bila kusema neno. Tambarare yote gari lilikwenda vizuri. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Halafu ikaja Kitonga.

Mlima Kitonga hauna utani. Barabara ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bonde, mbele yako semi ya Zambia inatambaa, nyuma yako basi linapiga honi. Rejeta iliyoziba kwa chumvi haina pa kupeleka joto. Tena mfuniko wake ulikuwa wa gari jingine, haukuweza kubana presha, na maji yasiyobanwa kadiri unavyopanda juu ndivyo yanavyochemka mapema. Mshale ulianza kupanda, nami nikawa nauangalia kuliko barabara. Kona ya nne mvuke ukafunika kioo.

"Dumu hilo," akasema Mama Neema.

Tulifika ukweni jioni tukivutwa kwa kamba na Fuso iliyokwenda kupakia nyanya Ilula, dereva akatuonea huruma akatusogeza mpaka mjini. Majirani wakatoka. "Kamwene!" wakanisalimu, macho yako kwenye kamba.

Baba mkwe ni dereva mstaafu wa malori. Nikampa shikamoo, akaipokea akiwa tayari ameinamia injini. Akachomoa kijiti cha oili. Kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Hedi ya silinda sita ni ya aluminiamu, ndefu kama benchi la shule. Ikichemka inajipinda, na maji yanakwenda kukutana na oili.

"Themostati iko wapi, Baba Neema?"

Nikafungua droo, nikampa. Hakusema kitu. Akaenda jikoni, akachukua sufuria, akateka maji, akakitumbukiza na kukibandika motoni. Ukoo mzima ukazunguka jiko. Maji yalipokaribia kuchemka, kidude kikafunguka taratibu, mbele ya mashemeji wote.

"Kizima kabisa," akasema.

Mama mkwe akauliza ile sufuria ya ugali ataoshewa na nani.