Starlet ya Kilomita 20 kwa Lita? Mcheeew!

Jamani, nani kawaambia manyuo hainywi mafuta? Leo tena kaka mmoja kasimama hapa kijiweni, kashika kikombe cha kahawa, anatutangazia kuwa Starlet yake ya manyuo inakwenda kilomita 20 kwa lita moja. Humu humu Dar! Mcheeew!

Tukamuuliza: kaka, mara ya mwisho kujaza tanki lini? Kimya. Kumbe mwenzetu ni wa "niwekee ya elfu kumi". Ya elfu kumi leo, ya elfu kumi keshokutwa, na bei yenyewe EWURA wanaitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Zimeingia lita ngapi, hajui. Kilomita kaanzia kuhesabu wapi, hajui. Ila 20 yake anayo!

Akaleta ushahidi: eti ndivyo Wajapani walivyoandika. Ndugu yangu, enzi za Starlet EP82 Wajapani walipimia kipimo cha 10-15, kilichoanza 1991. Gari inawekwa juu ya rola ndani ya maabara, mwendo hauvuki kilomita 70 kwa saa, kilima hakuna, bodaboda wa kukuchomekea hakuna. Wewe unakaa foleni Ubungo, injini inaunguruma, gari haisogei. Hapo unapata kilomita ngapi kwa lita? Sifuri, baba.

Halafu kuna mabingwa wa kutia frii. Wakifika mteremko wa Kitonga, gia nje, gari ijiendee, eti wanabana mafuta. Nyoo! Kama injini yako ni ya injekta, ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia imo, kompyuta inafunga injekta, matairi ndiyo yanaizungusha injini. Ukitia frii, lazima ichome mafuta isizimike. Kwa hiyo mafuta umechoma, na breki umezichemsha.

Na mafundi wetu nao! Gari ikichemsha mara moja tu, fundi anang'oa themostati, anaitupa kule. "Hii ya nchi za baridi, bosi." Tangu siku hiyo injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga mafuta mengi. Mwenye gari anabaki kulalamika kuwa pampu za kituoni zinamwibia.

Sikatai, manyuo ina heri yake. Oto za miaka ile zilipoteza nguvu kwenye tokonveta, wakati manyuo klachi ikishika, imeshika. Lakini ukivuta gia ya pili mpaka injini ipige yowe, tairi hazina upepo, ea klina imejaa vumbi, utaokoa nini?

Dawa ni ndogo. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita za kwenye dashibodi. Tembea wiki yako ya kawaida, foleni na yote. Rudi pampu ileile, jaza tena hadi ijikate, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Rudia mara mbili tatu. Ikitoka 12, panga bajeti ya 12, na umwambie fundi airudishe themostati.